Je, Wajua? Mashine 51 za Mwaka wa Kwanza

Mwaka 1903, kampuni ya King Camp Gillette mjini Boston, Marekani, iliuza mashine 51 tu za kunyolea ndevu, pamoja na nyembe 168. Basi! Mashine za miaka hiyo ya mwanzo, zenye pete mbili mpinini na namba iliyochongwa, ndizo wakusanyaji wanazozililia.

Lakini ukongwe peke yake hauifanyi mashine kuwa adimu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya Marekani iliagiza mashine milioni 3.5 kwa ajili ya askari wake. Ndiyo maana mashine yenye umri wa zaidi ya miaka 100 yaweza kupatikana kwa bei nafuu.

Ili kujua umri wa mashine, geuza Gillette ya Kimarekani ya miaka ya 1950 au 1960 utazame chini ya kichwa. Utaona herufi na tarakimu. Herufi ni mwaka: A ni 1955, F ni 1960. Tarakimu ni robo ya mwaka. Kwa hiyo F2 ilitengenezwa kati ya Aprili na Juni 1960. Utamu ulioje, kushika chuma kinachojitajia siku zake!

Gillette iitwayo Fatboy, ya 1958 hadi 1961, ina pete ya namba 1 hadi 9 ya kuongeza au kupunguza ukali wa kunyoa. Nyingi bado zipo. Lakini Gillette nyingine ya wakati huohuo, Toggle, iliyopakwa dhahabu na kufunguliwa kwa wenzo mdogo, ilitengenezwa kwa uchache. Hiyo ndiyo ya kutafutwa kwa tochi.

Na wembe wa makali mawili unaouzwa dukani leo huingia katika zote hizi.