Kupimwa Matiti Pasipo Mamogramu

Mamogramu ni picha ya eksirei ya titi. Huweza kuonyesha uvimbe mdogo usioweza kuguswa kwa vidole. Lakini mashine yake ni ghali, nayo huhitaji umeme, fundi, na daktari wa kuisoma picha. Zahanati zetu hazina. Je, mama wa Manyamanyama, mjini Bunda, aliyekwenda kupimwa matiti akarudi bila kupigwa picha, amepimwa au hakupimwa?

Jibu hutegemea kilichofanyika na jinsi kilivyoandikwa. Mhudumu aliyefunzwa huanza kwa maswali: umri, ndugu wa damu waliopata kuugua saratani ya matiti, na mabadiliko aliyoyaona mama mwenyewe. Kisha hutazama kama ngozi imebonyea, au kama chuchu imezama au inatoa damu. Mwisho hupapasa titi zima na kwapa kwa vidole vitatu vya kati, akibonyeza kidogo, kisha zaidi, kisha kwa kina.

Kazi hiyo si ya kubahatisha. Mjini Mumbai, India, utafiti ulioanza mwaka 1998 ulihusisha wanawake wapatao 151,000. Nusu yao walipapaswa kila baada ya miaka miwili, mara nne. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kuwa saratani zao ziligunduliwa mapema zaidi, na kwamba miongoni mwa wenye miaka 50 na zaidi vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo, nafuu kama hiyo haikuonekana.

Hata hivyo, hapana budi tutofautishe kauli mbili: “hakuna uvimbe uliopapasika” na “hakuna saratani”. Vidole pekee haviwezi kuithibitisha ya pili. Mwanafunzi wa fizikia ajua kwamba nafasi tupu katika jedwali si sifuri; vivyo hivyo, picha isiyopigwa si picha safi. Kadi na iseme wazi: amepapaswa, picha haikupigwa, arudi tarehe fulani, au mapema zaidi akiona badiliko. Akiandikiwa “mzima” tu, siku atakapogusa uvimbe ataiamini kadi na kunyamaza.

Uvimbe ukipatikana, ukosefu wa mamogramu usiwe sababu ya kungoja. Altrasaundi hutofautisha kifuko cha maji na uvimbe mgumu, nayo hufaa hasa kwa wanawake vijana, ambao matiti yao yaliyoshikana huifanya eksirei isione vyema. Hukumu ya mwisho hutolewa na hadubini, baada ya kipande cha uvimbe kuchukuliwa kwa sindano. Kwa wakazi wa Mara, hospitali kubwa ya rufaa ya Kanda ya Ziwa ni Bugando, Mwanza. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60.

Basi jina la mgonjwa lisifungwe daftarini mpaka majibu yarudi. Aliyepewa barua ya rufaa akakosa nauli huhesabiwa kuwa amehudumiwa, hali uvimbe wake ungali unakua.