Simu Ilale Sebuleni

Watu wengi wanaotaka kuacha kuperuzi simu asubuhi hujilaumu kwa kukosa nidhamu. Naona wanajidhulumu. Ukiziangalia kwa makini dakika tatu za mwanzo za asubuhi, utaona kwamba mambo yalishaamuliwa usiku, pale chaja ilipochomekwa kando ya kitanda.

Saa 11:30 alfajiri alamu inalia. Mkono unapapasa chini ya mto, macho bado mazito. Kuizima lazima uitazame skrini, na hapo hapo zimejipanga arifa: jumbe za grupu la ukoo, mchango wa harusi unaodaiwa, matokeo ya mechi iliyochezwa Ulaya usiku wa manane, mtu aliyeipenda picha yako. Hujaamua kufungua chochote, ila kidole kimeshafika pale kwa kazi nyingine. Dakika ishirini baadaye umejua nani kafiwa, umetazama mapishi ya mtu usiyemjua na ugomvi wa wasanii wawili, na maji ya chai hayajabandikwa.

Saa yenyewe nayo ni mbaya. Mtu anapotoka usingizini ubongo hauamki wote kwa mara moja. Kuna uzito unaobaki, ambao kwa kawaida huisha ndani ya nusu saa hivi, na kwa aliyelala vibaya huchukua muda zaidi. Katika kipindi hicho uwezo wa kujizuia na kupima mambo bado uko chini. Wakati huo huo, kwa watu wengi, homoni ya kotisoli inapanda kwa dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka, mwili ukijiandaa kwa shughuli za siku. Kumtaka mtu ashindane na simu katika nusu saa hiyo ni kumwonea.

Simu nayo ina nguvu zake, na zinajulikana zilikotoka. Mwaka 1957 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Charles Ferster na B. F. Skinner, walichapisha kitabu kinene cha majaribio yao, mengi yakiwa ya njiwa. Njiwa alidonoa kitufe akapata chakula. Alipopewa kila baada ya madonoo ya idadi ile ile, alidonoa, akala, akapumzika kidogo. Chakula kilipokuja bila mpangilio, mara baada ya madonoo machache, mara baada ya mengi, alidonoa mfululizo, na hata kilipokatwa kabisa alichelewa sana kukata tamaa. Simu ya alfajiri inatulisha hivyo hivyo. Siku nyingi haina la maana. Siku moja moja kuna muamala ulioingia au salamu ya mtu uliyemkumbuka, na kwa ajili ya siku hiyo moja tunaifungua kila siku. Tena ukurasa wenyewe hauna mwisho. Aza Raskin, Mmarekani aliyebuni mwaka 2006 ule mtindo wa kurasa zinazojiongeza kila ukisogeza kidole, amekwisha kusema hadharani kwamba anajutia alichokifanya.

Kwa hiyo ushauri wangu unaanza usiku. Simu ichajiwe nje ya chumba cha kulala. Adrian Ward na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walichapisha mwaka 2017 majaribio ya watu karibu 800. Simu zote zilizimwa sauti. Wengine waliziacha mezani, wengine mfukoni au kwenye begi, wengine chumba kingine. Waliofanya vizuri zaidi katika mitihani ya umakini ni wale ambao simu zao zilikuwa chumba kingine. Watafiti waliorudia jaribio hilo baadaye hawakupata jibu lile lile kila mara, kwa hiyo siliegemei peke yake. Nimelitaja kwa sababu linakwenda na jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulihakikisha nyumbani kwake: kitu cha kufuatwa kwa miguu hufuatwa mara chache kuliko kilicho mkononi.

Najua majibu yanayokuja. Mama mzazi anaumwa kijijini, huenda wakapiga usiku. Basi iache sauti ya simu za kupigwa iwe juu, zima data. Mlio utausikia hata kutoka sebuleni. Aliyepanga chumba kimoja hana sebule, lakini ana juu ya kabati, au kibegi kilichotundikwa nyuma ya mlango. Na alamu? Saa ndogo ya mezani ya betri ingalipo madukani. Wanaokaa karibu na msikiti wanaamshwa na adhana bila gharama.

Simu ikishatoka chumbani ndipo wengi hukwama, kwa sababu wameiondoa bila kuweka kitu mahali pake. Mimi ningeweka kitabu. Mtu anakaa kitandani mikono mitupu, na baada ya siku nne anaifuata simu sebuleni. Tabia huota kwenye tukio fulani la siku, na tukio hilo likibaki tupu, tabia ya zamani itarudi. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ametafiti kwa miaka mingi tofauti ya kusema “nitasoma zaidi” na kusema “nikishabandika chai, nitakaa kwenye kigoda nisome kurasa tano.” Kauli ya pili ina saa, mahali na kitendo, na watu wanaopanga namna hiyo hutimiza zaidi.

Tukio lenyewe mara nyingi tunalo tayari. Kuna wanaobaki kwenye mswala na uradi baada ya sala ya Alfajiri, kuna wanaofungua Biblia kabla ya kutoka. Nyumba hizo zina utamaduni wa kusoma asubuhi, wa zamani kuliko simu yoyote. Kilichotokea ni kwamba msahafu na Biblia vimehamia kwenye programu ya simu, na katikati ya aya arifa inashuka kutoka juu. Kwa watu hawa ningeshauri hatua moja tu kwanza: kitabu cha karatasi kirudi mkononi, kisha kitabu kingine kiwekwe juu yake. Mama anayewaandaa watoto wa shule alfajiri hana nusu saa, wala haihitaji. Uji ukiwa motoni, kurasa tatu zinatosha.

Usihesabu siku 21. Idadi hiyo hufuatiliwa hadi kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura, ambaye mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Kipimo kilicho karibu zaidi na jambo letu ni cha Phillippa Lally na wenzake wa University College London, kilichochapishwa mwaka 2010. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo dogo la kula, kunywa au mazoezi, wakajaribu kulifanya kila siku katika tukio lile lile kwa wiki 12. Kwa mtu wa katikati ilichukua siku 66 hadi jambo likajiendea lenyewe, na makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Walioruka siku moja hawakurudi nyuma kwa kiasi cha kutajika. Ukisafiri kwa msiba ukakosa kusoma, endelea ulipoishia.

Swali la kusomea kwenye simu halikwepeki, maana vitabu ni ghali. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumlisha tafiti 54 ulionyesha kwamba watu huelewa zaidi wakisoma kwenye karatasi, hasa maandishi ya maarifa na hasa muda ukiwa mfupi. Kwa hadithi tupu tofauti hiyo haikuonekana. Asiye na njia nyingine apakue riwaya, azime data, asome. Mwenye maktaba ya mkoa au ya kaunti karibu aanzie huko.

Mwisho ni kitabu chenyewe, na hapa nina msimamo. Wengi wetu riwaya ya mwisho tuliisoma kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne, kalamu mkononi, tukisaka dhamira na wahusika. Tukirudi kusoma tunachagua kitabu cha kutuadilisha, kinene, na kwa alfajiri hakifai. Anza na kinachokuvuta. Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, uliotoka mwaka 1960, una mpelelezi Bwana Msa na fumbo la mauaji. Ni vigumu kukiweka kitabu hicho chini katikati ya sura. Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, inakwenda kwa kasi ya safari. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ni tamthilia fupi. Nagona ya Kezilahabi nayo ni fupi, lakini inataka akili iliyoamka. Iache kwa Jumamosi mchana. Na kitabu kisipokushika baada ya asubuhi tatu nne, kirudishe uchukue kingine. Hakuna atakayekuuliza maswali.