Majina ya Madini ya Manganizi katika Jangwa la Kalahari

Mchanga wa Kalahari, katika jimbo la Northern Cape nchini Afrika ya Kusini, umefunika hazina ya manganizi iliyo kubwa kuliko zote zijulikanazo katika nchi kavu. Yafaa ieleweke kwanza kwamba jangwa silo lililoiumba hazina hiyo. Tabaka zake zilitua chini ya bahari zaidi ya miaka 2,000,000,000 iliyopita, zikipishana na tabaka za chuma. Mchanga ulikuja baadaye sana. Tena, maji ya moto yalipenya katika nyufa za miamba hiyo, yakayageuza madini ya awali na kuzaa mengine. Ndiyo maana aina zaidi ya mia moja hupatikana humo.

Wingi huo wampa mwanalugha kazi ya kupambanua. Madini makuu ni matatu: hausmanaiti, yenye manganizi karibu asilimia 72 ya uzito wake, braunaiti, yenye karibu asilimia 64 pamoja na silika, na biksbiaiti, ambamo manganizi huchanganyika na chuma. Yote yameitwa kwa majina ya watu: Hausmann na von Braun wa Ujerumani, na Maynard Bixby wa Marekani, ambaye jina lake lilitumiwa mwaka 1897. Lakini mwandishi akiiacha irabu moja tu na kuandika "biksbaiti", atakuwa ametaja kitu kingine kabisa, yaani jina la zamani la jiwe jekundu la jamii ya zumaridi, lililotokana na Bixby yule yule.

Sugilaiti, jiwe la zambarau lipatikanalo katika mgodi wa Wessels, lafundisha jambo la pili. Jina lake latokana na Sugi, mtaalamu wa Kijapani. Waingereza wengi hutamka "ji" katika neno hilo. Sisi tukiliandika kwa "gi", kama katika "giza", twalirudisha kwenye matamshi ya kwao. Nayo nchwaningaiti, iliyoelezwa mwaka 1995 na kuitwa kwa jina la mgodi wa N'Chwaning, huwatatiza wageni kwa mwanzo wake, hali mwenye kusema "nchi" hapati taabu nayo.

Kwa hiyo kanuni ninayoipendekeza ni hii: shina la jina lifuate matamshi ya asili yake, si ya lugha iliyotuletea, irabu zake zisipunguzwe, na mwisho wake uwe "-aiti", ambao masikio yetu yameuzoea katika "tanzanaiti". Upatanisho wake uwe kama wa "almasi": braunaiti hii, braunaiti hizi.

Kanuni hii si pambo. Mwanafunzi asomaye elimu ya miamba kwa Kiswahili hana budi kuweza kutofautisha, kwa herufi alizo nazo mbele yake, mawe ya kuyeyushia chuma cha pua na kito cha pete.