Kwa nini rubani alizunguka akaenda zake? Ndege ndogo na kiwanja chetu cha nyasi



Kuna swali ambalo naulizwa karibu kila mahali penye kiwanja cha ndege cha kijiji. "Mama, ile ndege ilikuja, tukaiona kwa macho yetu, ikapita juu yetu mara mbili halafu ikarudi ilikotoka. Rubani alituogopa?" Wengine wanasema alikuwa mlevi. Wengine wanasema alitaka kuongezewa pesa. Basi leo nataka tulizungumze jambo hili polepole, kwa sababu vikundi vingi ndivyo vimepewa kazi ya kutunza hivi viwanja, na kazi hiyo hufanywa vibaya na mtu asiyejua ndege inataka nini.

Swali hili hata mimi nililiuliza. Mwaka 1997 nilikuwa msichana wa shule ya upili. Zile mvua za El Niño zilianza Oktoba, barabara ikakatika, na hakuna gari lililotufikia. Mama mmoja jirani yetu alikuwa na uchungu wa kuzaa siku ya pili, mtoto amekaa vibaya tumboni. Sista wa zahanati akaita ndege kwa redio. Tulimbeba yule mama kwa fito na blanketi mpaka kiwanjani tukangoja. Ndege ikaja, ikashuka, ikashuka, karibu iguse chini, halafu injini ikanguruma ikapanda tena. Ikazunguka. Ikashuka mara ya pili vilevile. Kisha ikapunga mabawa, ikaenda. Vijana walirusha mawe angani kwa hasira.

Nyasi siku hiyo zilikuwa zimefika magotini. Kikundi kilichopewa kufyeka kilikuwa kimegombana juu ya posho, na hakuna aliyeshika slasha tangu Agosti. Jioni ile wote tulifyeka, wanaume kwa wanawake, mpaka usiku kwa taa ya karabai. Kesho yake saa mbili asubuhi ndege ikatua. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Miaka mingi baadaye, nikiwa kazini, nilipanda ndege ya namna ile ile, Cessna 206, ambayo ina injini moja na viti sita. Niliketi mbele kando ya rubani, tukavaa vile visikilizio vya masikioni, nikamsimulia habari hii. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, hata mimi ningeondoka." Safari nzima alinieleza kwa nini. Mengi ya haya niliyaona siku hiyo kupitia kioo cha ndege, na mengine nimejifunza tangu hapo nikifanya kazi na kamati za viwanja.

RUBANI ANAONA NINI

Kwanza, kutoka juu kiwanja ni kidogo sana, kama mkeka ulioanikwa juani. Rubani hatui mara moja. Anapita kando yake huku akitazama chini. Anatafuta ng'ombe na mbuzi, watoto, maji yanayometameta, mashimo, njia mpya ya baiskeli iliyokatiza katikati. Anatazama pia upepo: moshi wa jikoni unaelekea wapi, majani ya ndizi yanalala upande gani, na ule mfuko wa kitambaa ulio juu ya mlingoti, ikiwa bado upo na mtu hajaugeuza mkoba. Kama kuna mifugo, anapita chini sana kwa kelele ili ikimbie. Ng'ombe hukimbia. Punda, nimeambiwa, huinua kichwa tu.

Upepo una maana kuliko watu wengi wanavyodhani. Ndege hushikiliwa juu na hewa inayopita kwenye mabawa, kwa hiyo hutua ikiuelekea upepo. Chukua ndege inayogusa chini ikiwa na mwendo wa kilomita 100 kwa saa katika hewa. Upepo wa kilomita 20 ukiipiga usoni, magurudumu yanagusa nyasi kwa mwendo wa 80 tu. Upepo huo huo ukiisukuma kutoka nyuma, yanagusa kwa 120. Sasa sikilizeni hapa: nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza haipandi sawa na mwendo, inapanda kwa mwendo kuzidisha mwendo. Kwa hiyo kati ya 80 na 120 nguvu hiyo inakuwa zaidi ya mara mbili. Mtu aliyewahi kuteremka mlima kwa baiskeli nyasi zikiwa na umande anaelewa bila kufundishwa.

Kwa hiyo rubani anazunguka, anapita sambamba na kiwanja upepo ukiwa nyuma yake, anakata kona mbili, ndipo anakuja moja kwa moja. Anapunguza mwendo, anateremsha vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoitwa flapu ili ndege iweze kuja taratibu bila kuanguka. Anachagua mahali pa kugusa, karibu na mwanzo wa kiwanja. Akiona atagusa mbali zaidi, au kasi imezidi, anaongeza moto na kupanda. Huko kupanda tena si woga. Ni kazi yake, amefundishwa hivyo, na rubani asiyependa kurudia ndiye wa kuogopwa.

Kuna viwanja vingine vimelala mlimani, ambako ndege hutua ikipanda mteremko na kuruka ikishuka, upepo uwe wowote ule. Kwenye baadhi ya hivyo kuna mlima mbele, na ukishafika chini sana hakuna nafasi ya kurudia. Rubani wa kiwanja kama hicho lazima awe ameamua mapema, akiwa bado juu.

MTI MMOJA

Kiwanja kimoja ninachokijua kina urefu mzuri kabisa, lakini mtu alipanda mikaratusi kwenye kichwa chake. Mkaratusi hukua haraka. Hebu tupige hesabu. Ndege ikishuka kwa upole, mita 1 chini kwa kila mita 20 mbele, na mti una urefu wa mita 15, ndege ikipita juu ya ncha ya mti itagusa chini mita 300 baadaye. Akishuka kwa ukali zaidi, 1 kwa 10, bado ni mita 150. Hizo mita zote ziko pale, mmezifyeka kwa jasho lenu, lakini kwa rubani hazipo. Kamati ilikaa na mwenye miti vikao vitatu. Mwisho alikubali kukata akalipwa mbao zake, na hilo naona ndilo la haki. Msimkatie mtu miti yake usiku.

KURUKA NI KUGUMU KULIKO KUTUA

Hapa ndipo magomvi mengi huanzia. Ndege imetua vizuri, watu wanashangilia, halafu rubani anatoa mizani na kusema, "Gunia hili libaki, na wawili kati yenu mbaki." Watu wanakasirika. Si imekuja na watu sita?

Kitabu cha ndege hueleza umbali inaouhitaji ili iruke, na umbali huo hupimwa usawa wa bahari, kwenye lami kavu, hali ya hewa ikiwa baridi kiasi. Tuseme kitabu kinasema mita 400. Lakini sisi hatuko Mombasa. Kadiri unavyopanda juu hewa inakuwa nyepesi, injini inapata pumzi kidogo na mabawa yanashika kidogo. Marubani hukadiria kwamba kila futi 1,000 za kupanda juu huongeza umbali kwa asilimia 10. Kiwanja cha Wilson pale Nairobi kiko zaidi ya futi 5,500, na viwanja vingi vya nyanda zetu za juu vinafanana na hapo. Kwa futi 5,000 zile mita 400 zimekwisha kuwa 600 au zaidi. Joto likizidi kwa nyuzi 10, ongeza asilimia 10 nyingine: 660. Nyasi kavu za kawaida huongeza asilimia 20: karibu 800. Nyasi zikiwa zimeloa ni asilimia 30: karibu 860. Kiwanja kikipanda kidogo tu, mita 2 kwa kila mita 100, ongeza 10 tena, tumefika kama 940. Halafu mwenye busara anaweka akiba ya theluthi moja juu ya hayo yote. Mita 400 za kitabu zimepita 1,200, na kiwanja chenu kina 900.

Atafanya nini? Kiwanja hawezi kukirefusha, jua hawezi kulipoza. Kitu pekee alicho nacho mkononi ni uzito. Uzito ukizidi kwa asilimia 10, umbali huongezeka kwa karibu asilimia 20, na ukipungua vivyo hivyo umbali unapungua. Ndiyo maana gunia la mahindi linabaki, na ndiyo maana akipewa nafasi ya kuchagua ataondoka asubuhi, hewa ikiwa bado baridi na nzito. Kwa hiyo, mkisindikiza mgonjwa, msijitokeze ndugu wanane mkitarajia kupanda wote. Amueni nyumbani nani anakwenda naye. Na mseme uzito wa kweli. Mzee mmoja alimwambia rubani ana kilo 60. Mizani ilipokataa akasema viatu ni vizito.

NYASI ZENYEWE

Watu huniuliza, basi kwa nini tusiweke lami? Lami ni pesa nyingi, na nyasi zikitunzwa ni uwanja mzuri, hazirushi mawe kwenye propela kama kifusi kinavyofanya. Lakini nyasi ndefu ni kama mtu anayekushika miguu ukikimbia, na tena zinaficha. Siku ile ya 1997 rubani hakuona ardhi. Angejuaje kama chini yake kuna kichuguu au shimo la muhanga? Gurudumu la mbele la ndege ndogo ni dogo na mguu wake ni mwembamba. Likiingia shimoni linavunjika, propela inapiga chini, na mgonjwa aliyekuwa nje sasa amepata wenzake.

Nyasi fupi sana zilizoloa nazo zina ubaya wake. Breki hazishiki, ndege inateleza kama kwenye sabuni. Hapo umbali wa kutua unaweza kuongezeka hata kwa asilimia 60. Kwa hiyo mvua ikinyesha usiku kucha msishangae ndege ikiahirishwa mpaka jua lipige, hata kama mmefyeka vizuri.

Kupima kiwanja hakuhitaji fundi. Chukueni gari, pikapu ya misheni au ya chifu, liendesheni kutoka mwisho hadi mwisho kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Kama abiria wanarushwa juu na meno yanagongana, hata ndege itarushwa. Kama magurudumu yanazama na kuacha mitaro, ardhi ni laini mno. Kisha tembeeni kwa miguu, watu kumi wakiwa wamejipanga mstari, kila mmoja na jembe, mkijaza mashimo na kushindilia. Udongo usioshindiliwa mvua ya kwanza inaurudisha shimo. Vichuguu chimbeni mpaka mumtoe malkia, la sivyo baada ya wiki chache mchwa watakuwa wamejenga tena. Fanyeni hivyo kila mwezi, na wakati wa mvua kila wiki. Mitaro ya maji ichimbwe pembeni, si kukatiza. Mawe ya alama yapakwe chokaa na kuzikwa yawe sawa na ardhi, maana jiwe lililosimama ni adui mwingine. Mfuko wa upepo akina mama wa ushonaji wanaweza kuushona kwa kitambaa chepesi cha rangi ya machungwa.

Kama kijiji chenu hakina kiwanja na mnafikiria kuanzisha kipya, msianze kufyeka kabla ya kuuliza Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, ile KCAA, na ofisi ya kaunti. Kuna sheria zake, na mambo ya ardhi mnayajua wenyewe.

Kuhusu magomvi ya posho, kikundi kimoja kilimaliza kwa kugawa kiwanja vipande kumi, kila nyumba kumi kipande chao, na mpaka ukaonyeshwa kwa jiwe. Kipande kisichofyekwa kinaonekana na kila mtu anajua ni cha nani. Hawajalipana chochote tangu hapo.

SIKU YA NDEGE

Madaktari wa ndege wa AMREF walianza kazi hii mwaka 1957 wakitoka Nairobi, na kwa miaka mingi mawasiliano yalikuwa redio ya misheni kwa saa maalumu. Siku hizi ni simu. Lakini rubani bado hawezi kuona kiwanja chenu akiwa Wilson, anategemea macho ya mtu wenu. Chagueni watu wawili, majina na namba zao zijulikane, na wajifunze kujibu bila kutia chumvi. Atauliza: mvua ilinyesha lini mara ya mwisho? Nyasi zinafika wapi, kifundo cha mguu au goti? Upepo unatoka wapi? Mnaiona milima au mawingu yameifunika? Ukipiga kisigino chini kinazama? Mtu anayesema "kila kitu kiko sawa, njoo tu" kwa sababu mgonjwa ni dada yake anaweza kumpoteza dada na rubani pamoja. Na piga mapema. Viwanja vya nyasi havina taa, na huku kwetu giza huingia haraka, ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni nafasi imekwisha.

Vijana wenye filimbi wasimame pande zote mbili kuzuia mifugo, tangu ndege inaposikika hadi itakapoondoka, si mpaka itue tu. Watoto wakae nyuma ya kamba. Ndege ikisimama hakuna anayesogea mpaka propela iwe imesimama kabisa, maana ikizunguka kwa kasi macho hayaioni. Hata ikiwa imesimama, isiguswe. Machela isubiri kando, na apelekwe mgonjwa rubani atakapowaita kwa mkono.