Kivinjari Kimoja Kisiwe Njia Pekee

Wakazi wa Sengerema wanaijua faida ya kuwa na njia zaidi ya moja. Foleni ya kivuko ilipokuwa ndefu pale Busisi, wapo waliogeuza gari kuelekea Kamanga. Na tangu Juni 2025 lipo Daraja la J.P. Magufuli. Lakini katika intaneti wengi wetu tunapita mlango mmoja tu, tena bila kuujua kwa jina.

Mlango huo ni kivinjari, yaani programu inayotufungulia kurasa. Simu nyingi huuzwa zikiwa na Chrome ndani yake, na mnunuzi huipokea kama alivyopokea chaja. Hatuna ugomvi na Chrome. Tunachosema ni kwamba mwananchi ana haki ya kuchagua, na kwamba mbadala wa kweli upo.

Mwaka 1998 kampuni ya Netscape ya Marekani iliziweka wazi kanuni za programu yake, kila mtaalamu azisome na kuzirekebisha. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa Firefox, iliyotolewa rasmi Novemba 2004, wakati Internet Explorer ilikuwa imeshika karibu soko lote. Leo Edge, Opera na Brave zote zimejengwa juu ya msingi ule ule wa Chrome, uitwao Chromium. Msingi huo nao ni huria, ila mwenye kauli kubwa juu yake ni Google. Firefox ina mtambo wake yenyewe. (Ni kweli, sehemu kubwa ya fedha za Mozilla, wenye Firefox, hutoka kwa Google hiyo hiyo, anayechagua na alijue hilo.)

Kwa ndugu zetu wa Kome na Maisome, jambo lenye uzito ni bando. Firefox ya simu za Android hukubali nyongeza iitwayo uBlock Origin, ambayo huyazuia matangazo kabla hayajapakuliwa. Ukurasa uliosheheni matangazo ya video hula fedha ya mvuvi kwa kitu asichokiomba. Nyongeza hiyo haitozwi hata senti, nayo Chrome ya simu haina nafasi ya kuiweka. Hata hivyo, mwenye simu ya kumbukumbu ndogo aijaribu kwanza, kwani huenda akaiona nzito.

Neno letu zito tunalielekeza kwa watendaji wa Serikali. Huduma nyingi sasa zinaombwa mtandaoni, na tangu 2019 tunayo Sheria ya Serikali Mtandao. Korea ya Kusini ilitegemea kwa miaka mingi ActiveX katika huduma za benki na za serikali, nayo ilifanya kazi ndani ya Internet Explorer. Mwenye kompyuta ya aina nyingine alibaki nje. Juni 2022 Microsoft iliistaafisha Internet Explorer yenyewe.

Kwa hiyo, kabla ofisi yoyote haijapokea mfumo mpya kutoka kwa mkandarasi, fomu zake zifunguliwe pia katika Firefox, tena kwa simu ya bei ndogo, na mkataba useme hivyo. Mtu wa Maisome aliyevuka maji ili apate mtandao mzuri asirudishwe nyumbani kwa sababu ukurasa wa Serikali umekikataa kivinjari chake.