Mfupa u Hai



Katika chuo chetu cha ualimu alikuwako kijana mmoja ambaye mkono wake wa kuume ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto kadiri ya inchi 2, na kiganja chake kimelalia upande wa kidole gumba. Tulimwuliza habari zake. Akasema kwamba alipokuwa na miaka 9 alianguka mwembeni, akajikinga kwa mkono, ukavunjika karibu na kifundo. Mzee mmoja wa kijiji, mjuzi wa kuunga mifupa, akamfunga kwa vipande vya mianzi. Baada ya wiki 6 mkono ulikuwa hauumi tena, naye akalima na kucheza mpira kama wenziwe. Ilipita miaka miwili ndipo mamaye alipoona kwamba mkono ule unabaki nyuma. Watu wakanena habari za uchawi. Wengine wakamlaumu yule mzee. Sisi twaona kwamba hakuna uchawi hapo, wala mzee hakuunga vibaya. Sababu ilikuwa ndani ya mfupa wenyewe, nayo ndiyo tutakayo kuieleza leo.

Watu wengi hudhani kuwa mfupa ni kama boriti ya nyumba, kitu kikavu kilichowekwa tu ili kushikilia nyama. Si ajabu, maana mifupa tuionayo ni ile iliyokwisha kutoka chunguni. Lakini mfupa ulio mwilini una damu ipitayo ndani yake, husikia maumivu, na katika uboho wake damu mpya hufanyizwa kila siku.

Walimu waweza kuwaonyesha watoto jinsi mfupa ulivyojengwa. Chukueni mifupa miwili ya paja la kuku. Mmoja utieni katika siki kwa siku kadhaa, mkiibadili siki mara kwa mara. Mwisho mtauona umelegea, hata mwaweza kuupinda kwa vidole, maana siki imekula chokaa na kuacha nyuzi. Wa pili uchomeni motoni hata uwe mweupe kabisa. Sura yake ni ile ile, lakini ukiuminya wavunjika kama kigae, kwa kuwa moto umekula nyuzi na kuacha chokaa. Basi mfupa ni kama ukuta wa udongo wenye fito ndani yake: udongo peke yake hupasuka, na fito peke yake hupinda.

Sasa, mfupa hukuaje? Mtoto awapo tumboni mwa mamaye, mifupa yake mingi bado si mifupa. Ni gegedu, yaani kitu laini chenye nguvu, namna ile uisikiayo ukilishika sikio lako. Polepole damu huingia katikati ya gegedu, pamoja na chembe zijengazo mfupa, na chokaa huanza kuwekwa. Mifupa ya bapa ya kichwa hutokea kwa njia nyingine, katika utando, na kila mama amepata kuuona utosi wa mtoto mchanga ukipwita, maana hapo mifupa haijakutana bado. Mtoto huzaliwa na vipande vya mifupa karibu 300. Vingi huungana, na mtu mzima huwa na mifupa 206.

Lakini mfupa mrefu haukui kama mpira unaovutwa. Jambo hili lilionyeshwa na padre mmoja Mwingereza, Stephen Hales, katika kitabu chake cha mwaka 1727. Alitoboa vitundu viwili katika mfupa wa mguu wa kifaranga, akapima nafasi iliyo kati yake. Baada ya miezi miwili mfupa ulikuwa umerefuka sana, lakini vile vitundu havikuachana hata kidogo. Maana yake, urefu uliongezwa kwenye ncha, si katikati. Leo twajua kwamba karibu na ncha ya mfupa wa mtoto liko bamba jembamba la gegedu. Upande mmoja gegedu huongezeka, na upande wa pili hugeuka kuwa mfupa, kama mwashi aongezavyo tofali juu ya tofali.

Hapo ndipo alipoumia yule kijana. Kigasha cha mkono kina mifupa miwili. Ule ulio upande wa kidole gumba ulivunjika, na bamba lake likapondwa. Mfupa ukaunga, lakini mwashi hakurudi kazini. Mwenziwe wa upande wa pili ukaendelea kukua, ukausukuma mkono, na kiganja kikalala. Hata penye hospitali nzuri jambo hili hutokea pengine. Lakini daktari aliyeiona picha ya eksirei hujua mahali pa kutazama, humwita mtoto tena baada ya miezi kadhaa, naye aweza kutengeneza kabla mkono haujapinda sana.

Huenda mtu akauliza: kama bamba halikupona, kwa nini mfupa uliunga vema hivyo? Ni kwa sababu mfupa hujijenga upya siku zote. Mwaka 1736 daktari mmoja wa London, John Belchier, aliandika habari za nguruwe waliolishwa pamoja na mmea wa kutia nguo rangi nyekundu: mifupa yao ilikuwa imekuwa myekundu. Rangi ile haingeweza kufika humo kama mfupa ungekuwa kitu kilichokufa. Mwilini zimo chembe zibomoazo mfupa wa zamani na chembe zijengazo mpya, na kwa mtu mzima karibu sehemu moja katika kumi ya mifupa hujengwa upya kila mwaka. Mfupa ufanyao kazi nzito huzidi unene. Wa mtu aliyelala kitandani miezi mingi hupungua. Mfupa ukivunjika, kwanza damu huganda mahali pale, kisha hutokea gegedu, kisha uvimbe wa mfupa mpya, na wabomozi hupunguza uliozidi hata umbo lirudi. Kwa watoto kazi hii ni ya upesi sana. Yataka chokaa ya maziwa na ya dagaa waliwao pamoja na mifupa yao, na jua juu ya ngozi. Mtoto afichwaye nyumbani daima aweza kupata matege.

Imebaki habari ya kiungo. Mkimchinja ng'ombe, tazameni goti lake. Ncha za mifupa zimevikwa gegedu nyeupe yenye kuteleza, katikati umo ute kama wa yai, na mifupa imefungwa pamoja kwa kano. Gegedu hii haina mishipa ya damu, ndiyo sababu ikilika hairudi upesi kama mfupa.

Tena kano za mtoto huwa na nguvu kuliko lile bamba la kukulia. Mtu mzima akianguka, huenda kano ikateguka. Mtoto akianguka vile vile, bamba huvunjika. Basi mtoto aliyevimba karibu na kiungo msimchue kwa mafuta mkisema ameteguka tu. Mfungeni kwa kipande cha ubao na kitambaa, apelekwe kwa daktari. Na njiani tazameni vidole vyake: vikiwa baridi, au vikifa ganzi, au vikibadilika rangi, legezeni kitambaa pale pale.

Yule kijana alipomaliza chuo alikuwa na miaka 20. Kwa umri huo mabamba yote ya kigasha huwa yamekwisha kugeuka mfupa, na mkono wake hautapinda zaidi. Yeye sasa ni mwalimu, na huandika ubaoni kwa mkono ule ule.