Hujaji, Chagua Viatu Vipana

Ndugu msomaji uliyetia nia ya Hijja, baridi ya Dirma isikudanganye. Katika Hijja ya 1445 (Juni 2024) joto la Makka lilifika nyuzi 51.8. Mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki, wengi wao wakiwa wametembea mbali juani bila kivuli.

Joto huvimbisha miguu. Nunua viatu jioni, miguu ikiwa imetanuka. Vijaribu vyote viwili ukiwa umesimama, vidole visibanwe. Mwanamume katika ihramu avae makubadhi yasiyofunika vifundo. Anza kuvivaa wiki kadhaa kabla ya safari.

Mwenye kisukari asikanyage lami peku, aweza kuungua asihisi. Kunywa maji kabla ya kiu. Mwavuli unaruhusiwa hata kwa aliyehirimia. Mwili ni amana.

Wabillahi tawfiiq.